Makaa ya mawe ndani ya peleti za hematiti: kwa nini kiini kinabaki cheusi

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Nipo maabara ya madini na tunajaribu kutengeneza peleti (vitufe vya unga wa madini ya chuma vinavyochomwa mpaka vikawa vigumu) kwa hematiti, madini mekundu ya chuma, iliyotoka Muko, kusini-magharibi mwa Uganda. Nimesoma kwamba viwanda vya India na Brazil huchanganya makaa ya mawe na unga wa chuma kabla ya kuuviringisha. Nikaweka asilimia 2.5 ya makaa ya Ngaka, Tanzania, niliyoyasaga mpaka yakapita kwenye chekeche la maikroni 150, pamoja na bentonaiti (udongo wa kushikanisha) asilimia 0.8. Nikachoma gramu 800 kwenye tanuri la lita 20, mlango umefungwa, nyuzi 1280 kwa dakika 20. Bila makaa peleti zinahimili mgandamizo wa kilo 210 kila moja. Zikiwa na makaa zinapasuka kwenye kilo 110, na ndani ni nyeusi. Je, makaa yanasaidia kweli? Kiasi sahihi ni kipi? Na njia hii itafaa kwa chuma cha Liganga, Tanzania?

Jibu: Kiasi ulichoweka si kikubwa kama kinavyoonekana. Viwandani hakuna anayehesabu asilimia ya makaa. Kinachohesabiwa ni kaboni thabiti, yaani ile inayobaki ukishaondoa unyevu, gesi na majivu. Makaa ya Ngaka, kama ya Kiwira na Mchuchuma, ni ya aina ya bituminasi: gesi ni nyingi na majivu si haba. Tuseme sampuli yako ikiwa kavu ina kaboni thabiti asilimia 52, gesi 28 na majivu 20. Basi asilimia 2.5 ya makaa hayo inakupa kaboni thabiti asilimia 1.3 tu. Peleti za hematiti kwa kawaida huwekewa kati ya 0.8 na 1.4, kwa hiyo umo ndani ya mipaka, ingawa umekaribia ukingo wa juu. Kilichoziangusha peleti zako ni hewa, ukubwa wa chembe za makaa, na aina yenyewe ya makaa. Liko na jambo jingine ambalo si kosa lako: tanuri la maabara haliwezi kukuonyesha faida ya makaa hata ukifanya kila kitu sawasawa. Tuanze na hilo, kwa sababu usipolielewa utaendelea kutafuta ugumu mahali ambapo haupo.

Magnetiti, yaani madini meusi ya chuma yanayovutwa na sumaku, ikipashwa moto penye hewa hunyonya oksijeni na kugeuka hematiti, na katika kugeuka huko kila tani hutoa megajuli 500 hivi za joto. Ndiyo maana peleti za Kiruna kule Sweden, au za takonaiti (mwamba wenye magnetiti) ya Minnesota, Marekani, hujipasha zenyewe kutokea ndani, na kichomeo hufanya kazi iliyobaki. Hematiti haina cha kutoa, kwa kuwa imekwisha kunyonya oksijeni yote inayoweza. Joto la kuifikisha nyuzi 1300, ambalo ni gigajuli 1.1 hadi 1.2 kwa tani, lazima litoke kwingine. Kiwanda cha peleti cha Mangalore, India, kilichojengewa magnetiti ya Kudremukh, kilikutana na hali hiyo mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2005 na kikabaki kutumia hematiti ya kununua. Hapo ndipo kaboni inapoingia. Kilo moja ikiungua yote hutoa megajuli 32.8. Ukiweka kilo 12 kwa tani, yaani asilimia 1.2, unapata karibu megajuli 394, theluthi moja ya joto lote. Kufidia magnetiti kabisa ungehitaji kilo 15 hivi, lakini huko watu hawaendi, kwa sababu zitakazoonekana hapa chini.

Joto hilo lingeweza pia kupatikana kwa kuongeza mafuta au gesi kwenye vichomeo. Kwa nini lipelekwe ndani ya peleti? Angalia greti ya kiwandani, yaani wavu wa chuma unaosafirisha peleti kwenye moto. Peleti hulala kwenye vitoroli kwa kina cha milimita 400 hadi 500, na gesi ya moto hushushwa kutoka juu. Peleti za juu hukaa kwenye nyuzi 1300 kwa muda wa kutosha, ila za chini huiona kwa dakika chache tu kabla ya kuingia eneo la kupoza. Ukizidisha moto wa juu ili wa chini wapate, za juu huanza kuyeyuka na kushikana mabonge, na ikikaribia nyuzi 1390 hematiti yenyewe huachia oksijeni hewani na kurudi magnetiti. Kaboni iliyo ndani ya peleti huungua palepale ilipo, juu na chini, kwa hiyo tabaka zima huiva kwa kukaribiana. Wastani wa ugumu hupanda kwa sababu peleti dhaifu za chini hupungua. Peleti moja moja ya juu haiwi ngumu zaidi kwa kuwa ina makaa.

Kwenye tanuri lako hakuna tabaka la chini lililokosa moto. Kila peleti inapewa nyuzi 1280 na kuta za tanuri, kwa hiyo kaboni haina la kuongeza. Inachoacha ni vitundu pale ilipokuwa. Kushuka kutoka kilo 210 hadi 190 hivi kungekuwa jambo la kawaida, na vitundu hivyo vingekulipa baadaye kwa kuruhusu gesi ya kupunguza oksijeni iingie kirahisi kwenye tanuri la kuyeyushia. Kushuka hadi 110 ni ugonjwa.

Hesabu ya hewa ndiyo inayoeleza ugonjwa huo vizuri kuliko kitu kingine. Gramu 800 zenye kaboni asilimia 1.3 zina gramu 10.4 za kaboni. Kuichoma yote mpaka iwe kaboni dioksidi kunahitaji gramu 27.7 za oksijeni, na hapo hatujazihesabu gesi za makaa, ambazo nazo zinadai zao. Tanuri la lita 20 likiwa baridi lina oksijeni gramu 5.5. Likifika nyuzi 1000, hewa imetanuka na nyingi imeshatoka kwenye mianya, zimebaki gramu 1.3. Kwa mlango uliofungwa, peleti zako zilikaa ndani ya moshi wao wenyewe.

Kaboni ikikosa oksijeni ya hewa huichukua kwenye chuma. Hematiti hurudi magnetiti, na hesabu yake inatisha: kilo 12 za kaboni, hata zikiishia kwenye monoksidi tu, zinaweza kuzirudisha kilo 479 za hematiti. Yaani asilimia 1.2 ya kaboni ina uwezo wa kuigeuza karibu nusu ya peleti. Tena mgeuko huo hula joto badala ya kulitoa, na kaboni inayoishia kwenye monoksidi hutoa megajuli 9.2 kwa kilo, chini ya theluthi ya zile 32.8. Kwa hiyo unapoteza joto na ugumu kwa mpigo mmoja.

Baadaye ganda la nje hupata hewa na kurudi hematiti, huku kiini kikibaki magnetiti, au hata kikishuka mpaka vustaiti, oksidi ya chuma yenye oksijeni kidogo zaidi. Vustaiti ikikutana na silika hutengeneza fayalaiti, muungano wa hizo mbili, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1205 hivi, chini kabisa ya nyuzi 1280 zako. Kiini kinalainika na kunywea, ganda limeshakauka na kushikana, na kati yao panabaki ufa wa mviringo. Ni andazi lililotumbukizwa kwenye mafuta yenye moto mkali mno. Chukua mojawapo ya zile zilizopasuka kwa kilo 110 uipasue katikati kwa patasi, uitazame kwa lenzi. Ukiuona mwanya mwembamba unaozunguka kiini, basi habari ndiyo hiyo. Saga viini peke yake na uvisogezee sumaku: unga ukirukia, ni magnetiti. Kwa kipimo cha uhakika, pima FeO, yaani oksidi ya chuma ambacho hakijashiba oksijeni, kwa njia ya potasiamu dikromati. Peleti iliyochomwa vizuri huwa chini ya asilimia 1.

Jambo la pili ni ukubwa wa chembe. Chekeche la maikroni 150 ni pana mno. Chembe ya maikroni 120 haiishi mapema, na ikiungua huacha shimo kubwa kuliko chembe za chuma zinazopaswa kushikana kuzunguka shimo hilo. Ufa huanzia hapo. Makaa yanatakiwa yawe laini angalau kama unga wa chuma wenyewe: asilimia 80 yapite maikroni 45, na yasibaki kitu juu ya maikroni 75. Yasage peke yake, usiyachanganye na jiwe kwenye kinu cha gololi cha maabara, kwa kuwa makaa ni laini na jiwe ni gumu na hutajua kila kimoja kimefika wapi.

Viwandani, ambako mara nyingi vyote husagwa pamoja, kuna mtego ambao wengi hawauoni. Kichambuzi cha hewa na saikloni ya maji hupanga chembe kwa kasi ya kuzama, wala si kwa ukubwa. Hematiti ina uzito wa gramu 5.2 kwa sentimita ya ujazo, makaa 1.5 hivi. Kwenye hewa, chembe ya makaa ya maikroni 84 huelea sawa na chembe ya hematiti ya maikroni 45. Kwenye maji inafika maikroni 130. Kifaa kinaipitisha kama bidhaa iliyosagika. Ripoti ya maabara itasema mchanganyiko wote uko sawa, kwa kuwa makaa ni sehemu ndogo yasiyoweza kuuhamisha wastani. Dawa yake ni kuchukua kile kilichobaki juu ya chekeche la maikroni 75 na kupima kaboni yake pekee. Ikiwa kaboni ya humo ni mara kadhaa ya ile ya mchanganyiko, makaa yanavuka bila kusagwa, na kinachofaa ni kuyapa kinu chake.

Ukubwa wa peleti nao umo humo humo. Oksijeni hupenya kutoka nje kwenda kiini, na muda unaohitajika huongezeka takriban kwa mraba wa kipenyo: peleti ya milimita 16 inataka mara 2.5 ya muda wa peleti ya milimita 10. Chekecha ubaki na 10 hadi 12.5, ambacho ndicho kipimo cha ISO 4700 kwa jaribio la mgandamizo, na uvunje peleti zisizopungua 60 kabla hujaamini wastani wowote.

Tatu, aina ya makaa. Gesi za makaa ya bituminasi huanza kutoka kwenye nyuzi 350 hivi, wakati peleti ina nguvu ndogo kuliko wakati wote wa safari yake: maji yameshaondoka na chembe hazijaanza kushikana. Zikitoka kwa fujo hupasua peleti. Zaidi ya hapo, joto la gesi hizo halitumiki kwenye peleti. Zinaondoka na moshi, zikifika kwenye mabomba hugeuka lami, na kwenye kinasa vumbi cha umeme zinaweza kushika moto. Kwa sababu hiyo viwanda hupendelea anthrasaiti (makaa magumu yenye gesi kidogo) au chenga za koki (makaa yaliyookwa bila hewa), gesi zikiwa chini ya asilimia 10. Koki ni ngumu, inakula gololi za kinu, na huungua polepole, hivyo inataka kusagwa laini zaidi. Koki ya petroli ina majivu machache sana lakini salfa yake mara nyingi ni nyingi. Salfa ya ndani ya peleti huungua karibu yote, ila inaishia kwenye bomba la moshi, na huko ina sheria zake.

Kama Ngaka ndiyo pekee uliyonayo, yaokee kwanza. Weka makaa kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko kisichobana sana, nyuzi 850 hadi 900, mpaka moshi na mwali viishe, kisha yapoe yakiwa bado yamefunikwa. Fanya hivyo penye mfumo wa kuvuta moshi, kwa maana monoksidi ya kaboni haina harufu. Kwa mfano wetu wa 52, 28 na 20, kinachobaki kitakuwa na kaboni asilimia 72 na majivu 28. Kupata kilo 12 za kaboni kwa tani utatumia kilo 16.6, na majivu yatakayoingia ni kilo 4.6. Anthrasaiti yenye kaboni 78 na majivu 14 ingekuingizia kilo 2.2 tu. Tofauti hiyo ni silika na alumina unayoinunua na baadaye kuiyeyusha, na kama unaweka chokaa kurekebisha uwiano wa kalsiamu na silika, hesabu ya chokaa lazima iyaone majivu. Pima pia potasiamu na sodiamu ya majivu, kwa sababu hizo ndizo huzifanya peleti zivimbe wakati wa kupunguzwa oksijeni. Mkaa wa miti, tuseme wa miwati ya Njombe, majivu yake ni machache mno, lakini unawaka mapema. Ukiujaribu, tarajia joto kutoka kabla hujalihitaji.

Sasa jaribio lenyewe. Pima makaa: gesi kwa nyuzi 900 dakika 7 kwenye kikombe chenye kifuniko, majivu kwa nyuzi 815. Andaa mchanganyiko wenye kaboni thabiti ya 0, 0.6, 0.9, 1.2 na 1.5. Changanya makaa, bentonaiti na unga wa chuma vikiwa vikavu kabla ya maji, walau dakika 10, kwa sababu makaa yakishalowana juujuu hujikusanya vidonge ambavyo sahani ya kuviringisha haitavivunja. Makaa hayapendi maji. Peleti mbichi zitahitaji unyevu wa juu kidogo kuliko zisizo na makaa, ndani ya ile asilimia 8 hadi 10 ya kawaida, na idadi ya kuanguka kutoka milimita 450 bila kupasuka itashuka. Ikibaki 4 au 5, endelea. Ikishuka zaidi, ongeza bentonaiti kwa hatua ya 0.1 badala ya kumwaga maji, maana maji mengi hutengeneza peleti zinazobonyea na kuganda pamoja.

Kausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike. Tanurini weka gramu 200 badala ya 800, safu moja tu juu ya sahani ya alumina, na uingize hewa kwa bomba lita 10 kwa dakika. Gramu 200 zenye kaboni 1.2 zinataka hewa lita 23 kwa nadharia. Wewe utazipa lita 200 ndani ya dakika 20, na ziada hiyo si uharibifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa itapita pembeni bila kuigusa peleti. Panda nyuzi 10 kwa dakika mpaka 900, kisha simama hapo dakika 20. Hapo toa peleti tatu kwa koleo, zipoe, zipasue. Zikiwa nyekundu kahawia hadi kiini, panda hadi 1280, kaa dakika 15, na ushuke hewa ikiwa bado inaingia. Zikiwa na doa jeusi, usipande. Ongeza muda pale kwenye 900. Kosa linalojirudia sana ni kuona doa jeusi na kuongeza moto. Moto wa juu unalifunga ganda kabisa, na oksijeni haiingii tena hata ukingoja saa nzima.

Ukishapata peleti safi hadi kwenye kaboni 1.2, nenda kwenye chungu cha majaribio chenye kina kama cha greti, chenye themokapo (vipima joto) juu, katikati na chini. Hapo tu ndipo utapima kile makaa yanachofanya: tofauti ya ugumu kati ya tabaka la juu na la chini, na mafuta uliyookoa. Kumbuka kuupunguza moto wa juu kila unapoongeza kaboni. Asiyepunguza hupata tabaka la chini lililounguzwa, kwa kuwa joto hujilimbikiza kadiri linavyoshuka, na vyuma vya greti ndivyo hulipa. Usahihi wa mizani ya makaa ni muhimu kwa sababu hiyo hiyo: kaboni ikiyumba kwa 0.2, joto linayumba kwa megajuli 66 kwa tani, na hakuna fundi wa vichomeo atakayekimbizana na hilo. Usisahau pia kwamba peleti mbichi zilizokataliwa na kurudishwa zinarudi na kaboni yake. Kwa mfumo wa greti na tanuri la kuzunguka, kuwa mchoyo zaidi: peleti zinazoingia kwenye tanuri zikiwa na kaboni iliyobaki huvunjika zikibingirika, na vumbi lake hujenga pete kwenye kuta.

Liganga ni habari nyingine. Lile ni jiwe la titanomagnetiti lenye vanadi, kwa hiyo joto la kuoksidika limo tayari ndani yake. Ukiweka makaa, kaboni na magnetiti vitagombania oksijeni ileile, kaboni itashinda kwa kuwa huungua upesi, na magnetiti itafika kwenye moto mkali ikiwa haijageuka. Utapata kiini cheusi kilekile kwa njia nyingine. Kwa Liganga ningeweka kaboni sifuri ndani ya peleti, na makaa ya Mchuchuma yaliyo jirani ningeyatumia nje, kama nishati na kama kipunguza oksijeni katika hatua inayofuata. Jiwe lililokaa juu ardhini na kuoza kwa hewa kwa miaka mingi huenda sehemu yake imeshageuka, basi pima FeO ya unga wako kabla ya kuamua. Magnetiti safi ina asilimia 31. Kila pointi moja ya FeO iliyopungua ni megajuli 16 hivi ulizopoteza kwa kila tani, ambazo nusu kilo ya kaboni ingezirudisha.